Mistari 11 iliyoshinda miezi minane

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya safu yenu ya biashara ya wiki mbili zilizopita, ambayo mwandishi wake aliwashauri wenye kampuni wawapime wahandisi wa programu kama wanavyopimwa wafanyakazi wa kiwandani: nani kamaliza kazi ngapi kwa wiki, na orodha ibandikwe mahali kila mtu aione. Sina ugomvi naye. Swali aliloanza nalo ni la haki kabisa. Kampuni inalipa mishahara mikubwa kwa idara ambayo walio nje yake hawaelewi inafanya nini, na mwisho wa mwaka mwenye mali anataka kujua fedha yake imezaa nini. Ninachokataa ni jibu lake, kwa sababu nimeishi chini ya orodha ya namna hiyo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Nina miaka 17 katika kazi hii, sita ya mwisho nikiwa kiongozi wa timu. Kampuni niliyokuwa nayo wakati huo sitaitaja. Iliuza huduma kupitia programu ya simu: mteja anajisajili, anapiga picha ya kitambulisho, anathibitishwa, ndipo ananunua. Orodha yetu haikuwa karatasi. Ilikuwa skrini kubwa iliyotundikwa mkabala na mlango, hata mgeni aliyekuja kuleta barua alijua nani kati yetu ni mvivu. Kila mhandisi alikuwa na mstari wake: tiketi alizofunga, yaani kazi ndogondogo za kwenye orodha alizomaliza; mistari ya msimbo aliyoandika, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata; na siku alizochelewa. Kijani, njano, nyekundu. Sisi tuliiita ubao.

Kufikia wiki ya tatu tulikuwa tumeshaujua. Kazi ya kubadili maneno ya kitufe kimoja ikawa tiketi tano: ya kusoma, ya kubadili, ya kujaribu, ya kurekebisha nukta, ya kufunga. Mwenzangu mmoja, kijana mwerevu ambaye hadi leo ni rafiki yangu, alichukua maktaba nzima ya msimbo ulioandikwa na watu wengine akaiingiza kwenye mradi wetu. Mistari 9,000 kwa mchana mmoja. Akapongezwa kwenye mkutano wa Ijumaa, akasimama, akainamisha kichwa kama bwana harusi. Si mwongo yule. Alikuwa amesoma alichoulizwa, akajibu hichohicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tuliosifiwa kwa idadi ya vibuyu tulitia maji kwelikweli.

Kama mwandishi wa safu angeuliza wakongwe wa fani hii, wangemwambia kisa cha mwaka 1982, pale Apple, wakati kompyuta iitwayo Lisa inatengenezwa. Mameneja walitaka kila mhandisi ajaze fomu kila wiki kueleza kaandika mistari mingapi. Bill Atkinson, aliyekuwa akitengeneza sehemu ya kuchora picha kwenye skrini, wiki hiyo alikuwa ameandika upya kipande kimoja kikawa chepesi na chenye kasi zaidi, na mistari kama 2,000 ikapungua. Kwenye nafasi ya fomu akaandika -2,000. Baada ya wiki chache wakaacha kumdai fomu. Na nje ya kompyuta kabisa, mchumi Mwingereza Charles Goodhart alikwisha kueleza mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha, kwamba uhusiano wa takwimu unaoonekana imara huelekea kuvunjika pale unapogeuzwa kuwa usukani. Yaani miaka hamsini sasa tunajua, na bado tunatundika skrini mlangoni.

Sasa niseme yaliyonikuta.

Dada mmoja wa huduma kwa wateja, ambaye meza yake ilikuwa karibu na ya kwangu, alikuwa na tabia ya kuandika kwenye daftari malalamiko yanayojirudia. Siku moja aliniambia, "Dada, hawa watu wanasema picha ya kitambulisho haiendi. Wanajaribu mpaka bando linaisha." Hakukuwa na tiketi, na mkurugenzi hakuwa ameomba lolote. Nilikaa siku mbili nikisoma kumbukumbu za seva, ile kompyuta kuu inayopokea yanayotumwa na simu za wateja, na ubao ukanigeuza njano, kisha nyekundu, kwa sababu nilikuwa sifungi kitu. Tatizo lilikuwa la kijinga. Simu mpya zinapiga picha kubwa mno, programu yetu ilikuwa inaituma ilivyo, na seva yetu ilikata mawasiliano baada ya sekunde 30. Mwenye intaneti nzuri alipita. Asiye nayo aliona maneno "Jaribu tena", akajaribu tena, akachoka, akaondoka. Dawa ilikuwa kuipunguza picha ndani ya simu kabla ya kuituma. Mistari 11. Tiketi moja, na hiyo moja niliifungua mwenyewe ili nipate kuifunga.

Hatukuwapa watu wote badiliko lile kwa mpigo. Programu ilimgawa kila anayeanza kujisajili kwa bahati nasibu: nusu wakapata njia mpya, nusu wakabaki na ya zamani, wiki tatu mfululizo. Kwa njia ya zamani, katika kila watu 100 walioanza kujisajili walimaliza 54. Kwa njia mpya walimaliza 66. Siku zilikuwa zilezile, matangazo yaleyale, bei ileile. Kilichotofautiana ni ile mistari 11 tu. Mhasibu wetu, kaka mpole asiyependa maneno makubwa, alichukua wale 12 wa ziada, akazidisha kwa wastani wa anachonunua mteja mpya katika mwaka wa kwanza, akatoa gharama za kumhudumia, kisha akaja mezani kwangu na karatasi. Kwa hesabu yake, kwa mwaka, kile kitu kilizidi mishahara ya timu nzima ya robo mwaka. Nilipoinua macho kutazama ubao, nilikuwa wa pili kutoka mwisho.

Hapa ndipo ninapotaka mwandishi wa safu akae kidogo. Faida ile ni ya nani? Ukisema ni yangu umemwibia dada wa daftari, maana bila yeye nisingejua. Na kuna mtu wa tatu ambaye hata jina lake halikuwa kwenye ubao kwa sababu alikwisha kuhama: mhandisi aliyejenga, miaka mitatu kabla, ule mtambo wa kuwagawa wateja makundi mawili na ule wa kupeleka badiliko kwa wateja mchana mmoja badala ya mwezi mmoja. Mwaka alioujenga, nakumbuka, alilalamikiwa kwamba hatoi kitu kinachoonekana. Ukijaribu kugawa faida ya badiliko moja kwa vichwa vya watu utaishia kwenye ugomvi wa mirathi. Lakini ukipima badiliko lenyewe, lilifanya nini kwa mteja na lilileta nini kwenye mapato, hesabu inakaa vizuri na hakuna anayehitaji kudanganya.

Najua wapo watakaosema kuna vipimo vya kisasa. Vipo, na vingine ni vizuri. Nicole Forsgren na wenzake, ambao walikusanya majibu ya maelfu ya watu wa fani hii na kutoa kitabu mwaka 2018, wanahimiza vitu vinne: unapeleka mabadiliko kwa wateja mara ngapi, inachukua muda gani kutoka msimbo kuandikwa hadi kumfikia mteja, mabadiliko mangapi yanaharibu kitu, na kikiharibika kinarudi baada ya muda gani. Navitumia vyote vinne na timu yangu ya sasa. Ila vinapima bomba. Bomba likiwa zuri maji yatapita haraka bila kuvuja, nami nafurahi, lakini havikuambii kama kuna mtu upande wa pili mwenye kiu. Timu inaweza kupeleka mabadiliko mara kumi kwa siku, yote salama, na yote ya kitu ambacho hakuna anayekihitaji.

Najua hivyo kwa sababu nimefanya hivyo, na sehemu hii ya barua ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiandika.

Baada ya mistari 11 nilipewa mradi mkubwa: ukurasa wa mapendekezo, ambao ungemwonyesha kila mteja huduma zinazomfaa kulingana na alizonunua zamani. Miezi minane, watu wanne. Niliupenda ule ukurasa. Nilikuwa naufikiria nikiwa naoga. Ulikuwa na tiketi nyingi, mistari mingi, kila wiki kuna kitu cha kuonyesha Ijumaa, na kwa mara ya kwanza jina langu likakaa kijani, katikati ya orodha, mwezi baada ya mwezi. Ulipokamilika tukaupa nusu ya wateja, kama kawaida. Wiki tatu zikapita. Walioupata na wasioupata walinunua sawa.

Nikaomba wiki nyingine. Nikaomba mbili. Kisha nikafanya jambo ambalo leo nikiliona kwa mwingine nalikemea: nikaanza kuwakata wateja vipande nikitafuta pa kusimamia. Labda wateja wapya? Hapana. Labda wenye simu za skrini kubwa? Hapana. Labda wanaonunua Jumanne jioni? Jumanne jioni kulikuwa na kitu! Nikakimbia kwa mhasibu. Akaitazama karatasi, akacheka kwa upole, akasema, "Dada, ukizidi kuchimba utakuta hata wenye majina yanayoanza na M wananunua zaidi." Ukurasa ukaondolewa. Siku ile sikuongea na mtu.

Kwa hiyo nisieleweke kama mhandisi anayelilia asipimwe. Wenzangu wengi wanaposema kazi yetu ni ya kibunifu na haipimiki, nawasikia wakisema kitu kingine chini kwa chini: wanaogopa karatasi kama ile ya Jumanne jioni. Ubao ule mbovu, ukweli ni kwamba ulikuwa unatufariji. Ulitupa kijani kwa jasho. Kipimo cha kweli hakina huruma hiyo. Ron Kohavi, aliyeongoza majaribio ya namna hii Microsoft, ameandika kwamba katika mawazo waliyoyajaribu kwa makini, takriban theluthi moja tu ndiyo iliyosogeza kipimo kilichokusudiwa. Theluthi haikubadili kitu, na theluthi iliharibu. Hao ni watu wenye elimu na fedha kuliko wengi wetu. Na kampuni hiyohiyo, mwaka 2012, ilikuwa na wazo dogo la kubadili namna vichwa vya matangazo vinavyoonekana kwenye Bing, mtambo wake wa kutafuta mambo mtandaoni, wazo lililokaa zaidi ya miezi sita kwa sababu lilionekana halina uzito. Mhandisi mmoja alipoamua kulijaribu, mapato yakapanda kwa asilimia 12, zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka Marekani peke yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku chache. Hebu nijulishwe: kwenye orodha ya ukutani yule mhandisi angekuwa wa ngapi?

Kuna aina moja ya kazi inayonisumbua zaidi, na sina jibu lake zuri. Ni kazi ya kuzuia. Ukizuia, hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakina tarakimu. Kila mtu anaijua methali ya kinga na tiba, lakini sijaona kampuni inayompa kinga bahasha mwisho wa mwaka. Bahasha hupewa aliyekesha kuzima moto, na mara nyingine aliyekesha ndiye aliyeuwasha. Kwa anayetaka mfano wa gharama yake upo wa tarehe 1 Agosti 2012. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipeleka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ikasahaulika, na ndani yake kulikuwa na msimbo wa zamani usiotumika tena, ambao haukuwa umefutwa. Soko lilipofunguliwa ule msimbo ukaamka. Kwa dakika kama 45 ukatuma maagizo mfululizo, na kampuni yenyewe ikakadiria hasara ya dola milioni 440. Haikupona, ikaishia kuunganishwa na nyingine. Kufuta msimbo uliokufa na kuhakiki seva zote nane ni kazi ya mchana mmoja. Kwa lugha ya ubao ni mistari hasi na tiketi moja isiyopendeza.

Kwa kazi hizo mimi na mhasibu wa sasa tunafanya hesabu ya kienyeji. Tunatazama mwaka uliopita: huduma ilisimama saa ngapi kwa jumla, kwa wastani saa moja inaingiza kiasi gani, na wahandisi waliamshwa usiku mara ngapi. Hiyo ndiyo bei ya kutofanya kitu. Kisha tunakadiria, kwa upana na bila kujidai, kazi tunayotaka kufanya itapunguza kiasi gani cha bei hiyo. Si sayansi. Lakini mwenye fedha anapoona makadirio yenye chini na juu yake huwa anauliza maswali ya maana, na akiletewa tarakimu moja yenye nukta tatu za desimali huwa anasaini tu au anafukuza.

Niguse kidogo akili mnemba, kwa kuwa mwandishi aliigusa. Alisema sasa programu zinajiandika, hivyo tija imepanda. Hapo pia anahesabu vibuyu. Shirika la utafiti liitwalo METR lilitoa matokeo mwaka 2025 ya jaribio la wahandisi 16 wazoefu wakifanya kazi kwenye miradi wanayoijua vizuri, kazi nyingine wakiruhusiwa kutumia zana za akili mnemba na nyingine hapana. Waliporuhusiwa walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Baada ya yote bado waliamini kwamba zana zimewaharakisha kwa asilimia 20. Ni jaribio dogo, na zana zinabadilika kila mwezi. Mimi mwenyewe ninazitumia na sitaziacha. Ila linanionyesha kwamba hata mwenye kazi hawezi kuaminika akisema "nahisi naenda haraka". Meneja anayesimama nyuma yake akitazama mistari ikimiminika ataaminika vipi?

Ninachofanya sasa hakina jina wala hakihitaji skrini. Kabla timu haijaanza kazi yoyote inayozidi wiki moja, tunaandika ukurasa mmoja: ni tarakimu gani ya kampuni tunataka isogee, leo iko wapi, tunafikiri itafika wapi, na nani atakwenda kuitazama tarehe gani. Mhasibu anakaa nasi, na mtu wa huduma kwa wateja anakaa nasi na daftari lake. Kazi kadhaa zimekufa mezani hapo, kabla ya mstari wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyeweza kujaza sehemu ya kwanza. Nazihesabu kati ya kazi bora tulizowahi kutofanya. Siwezi kudai mambo yamenyooka. Tarehe ya kutazama ikifika, mara nyingi tumeshazama kwenye jambo lingine, na robo iliyopita kurasa tatu zilibaki bila kufunguliwa hadi mhasibu alipokuja kutukumbusha kwa sura ya mtu anayedai deni. Na jina la mhandisi haliandikwi popote kwenye ukurasa huo. Tathmini ya mtu mmojammoja naifanya kwa njia ya zamani: nakaa naye, nasoma kazi yake, nauliza wanaofanya kazi naye. Inachukua muda, na mwandishi wa safu atasema ni ya kupendelea. Huenda. Lakini mtu anayetaka kunidanganya inabidi anitazame usoni.

Mwisho, rafiki yangu yule wa mistari 9,000 bado yuko pale, na sasa ndiye kiongozi wa timu. Ubao uliondolewa kimyakimya. Anasema ile skrini sasa inaonyesha ratiba ya vyumba vya mikutano. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba amekifuta kile kipande changu cha picha, kwa kuwa simu zenyewe siku hizi zina njia ya kupunguza picha ukiziomba kwa mstari mmoja. Chini ya ujumbe akaandika: "Dada, leo nimepata -10."

Ni mimi msomaji wako,
Mhandisi wa programu